Nilikuwa na pea ya Esi na bado nikaliwa, kwa nini?

Swali: "Habari mtaalamu. Mimi Mtanzania nipo Houston, Texas, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Jamaa wa kazini wanacheza poka kila Ijumaa usiku nyumbani kwa mmoja wao, wakanialika. Mimi nimecheza albastini toka mdogo kule Tanga nikajua karata ni karata tu. Usiku mmoja nimeliwa dola 140, niliingia na 60, nikaongeza 40, halafu nikakopa 40 kwa mwenzangu. Kuna mambo sikuelewa. Nilikuwa na Esi na 9, mezani ikatoka Esi, mwenzangu naye ana Esi lakini kachukua zote peke yake. Kuna wakati nikasema nakoli halafu naongeza 20, wakanikatalia. Kuna jamaa chipu zilimuishia akasema olini, akanishinda, lakini mimi nikapewa dola 50 sijui za nini. Halafu flashi ya shupaza ilinikosa mara tatu, mara ya nne nikajua sasa lazima itoke, haikutoka. Mwenye nyumba anakata dola 2 kila poti, yaani kwenye hela zilizokusanyika katikati ya meza, anasema za chakula na umeme. Wanasema pia kuna mtu aliingia na dola 86 akatoka na milioni 2 na nusu, kweli? Mke wangu amekasirika. Nataka nijue sheria vizuri nirudi Ijumaa nirudishe hela yangu."

Ndugu yangu, pole sana, dola 140 kwa mtu wa ghala ni zamu nzima ya kubeba mizigo na zaidi, na mke kukasirika ana haki yake. Nimegawa karata kasino miaka mingi Dar na nimeona watu wengi wakiinuka mezani na uso kama wako, na karibu wote wanasema karata zilinikataa. Mimi nikisoma ulivyoandika sioni karata kukukataa, naona ulikuwa unanunua vitu usiku mzima bila kujua bei yake, na wenzako bei wanaijua. Poka ya Texas, ile wanayoiita Texas Hold'em, ni mchezo wa bei. Ngoja nikueleze taratibu.

Kwanza albastini iweke pembeni kabisa maana ndiyo iliyokuponza. Hapa hakuna turufu, hakuna kufuata rangi, hakuna mwenzako wa kukusaidia upande wa pili wa meza, na saba ni saba tu, siyo seti yenye pointi kumi. Karata zipo zote 52, Esi ndiyo kubwa, inafuata Kingi, Kwini, Jeki, kumi, mpaka mbili. Na aina zote nne ziko sawa, shupaza haimpigi kopa wala uru haimpigi pau, hii watu wengi wa kwetu wanaingia nayo kichwani kimakosa. Watu wawili wakiwa na flashi anaangaliwa nani ana karata kubwa kwenye hiyo flashi basi.

Mpangilio wa nguvu uukariri mpaka uweze kuutaja ukiwa usingizini. Chini kabisa ni karata kubwa pekee isiyo na mwenzake, inafuata pea, pea mbili, tatu sawa, halafu streiti, yaani karata tano zinazofuatana bila kujali aina, halafu flashi, yaani tano za aina moja hata kama hazifuatani, halafu fuli hausi ambayo ni tatu sawa pamoja na pea, nne sawa, na juu yake streiti flashi, yaani tano zinazofuatana na za aina moja. Ile inayoanzia kumi mpaka Esi za aina moja ndiyo royo flashi, zipo 4 tu kati ya mikono 2,598,960 inayoweza kutengenezwa kwa karata tano, kwa hiyo usikae unaisubiri. Esi inaweza pia kukaa chini ya mbili kwenye streiti ya Esi, 2, 3, 4, 5, na hapo tano ndiyo inahesabika kubwa.

Sasa mchezo unavyokwenda. Kuna kidude cha duara wanakiita batani, kinamwonyesha nani ndiye mgawaji wa mzunguko huo hata kama anayegawa kwa mikono ni mtu mwingine, na kila mkono mmoja, yaani mzunguko mmoja wa mchezo, ukiisha kinasogea kushoto. Wawili wanaokaa kushoto kwa batani wanaweka hela kabla hawajaona kitu, wa kwanza blaindi ndogo, wa pili blaindi kubwa. Zimewekwa makusudi, bila hizo kila mtu angekaa anasubiri Esi mbili na mchezo ungekufa. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, raundi ya kwanza ya kubeti inaanzia kwa mtu wa kushoto kwa blaindi kubwa, inazunguka mpaka iishie kwa blaindi kubwa mwenyewe ambaye hata kama hakuna aliyeongeza bado ana haki ya kuongeza. Baada ya hapo zinafunuliwa karata tatu mezani za watu wote, hiyo ndiyo flopu, mnabeti tena. Inafunuliwa ya nne, tani, mnabeti. Ya tano, riva, mnabeti mara ya mwisho, kisha waliobaki wanaonyesha. Kuanzia flopu anayeanza ni yule aliyebaki wa kwanza kushoto kwa batani, maana yake mwenye batani anaongea wa mwisho kila raundi, na kuongea wa mwisho ni utajiri mkubwa kwa sababu unaona wenzako wote wameamua nini kabla hela yako haijatoka mfukoni. Ukikaa mbele, karata unazotakiwa kuingia nazo ziwe nzuri zaidi kuliko ukikaa kwenye batani, hizo hizo mbili zinaweza kuwa za kutupa ukiwa wa kwanza na za kuchezwa ukiwa wa mwisho.

Mwisho unachagua karata tano bora kati ya saba, mbili zako na tano za meza. Unaweza kutumia zako zote mbili, moja, au hata usitumie hata moja ukacheza za meza tupu.

Maneno ya kubeti ni machache. Kama hakuna aliyeweka kitu unaweza kucheki, yaani unapita bila kulipa, au kubeti. Akishabeti mtu, kucheki hakupo tena, unachagua kufoldi yaani kuziachia karata, kukoli yaani kulipa sawasawa na yeye, au kureizi yaani kupandisha. Kupandisha kuna kima cha chini, kama mtu amebeti 10 basi wewe lazima ufikishe angalau 20, na ukifikisha 30 maana yake umeongeza 20 juu yake, anayekufuata akitaka kupandisha afikishe angalau 50.

Hapo ndipo lilipo lile la kukatazwa kwako, na hawakukuonea. Ukishatamka "nakoli" neno limeshafungwa, umekoli, huwezi kuongeza halafu. Sababu yake ina haki ndani yake, kama watu wangeruhusiwa kusema nakoli, wakamwangalia mwenzao usoni anavyostuka au kufurahi, kisha ndiyo waseme na naongeza, wangekuwa wanachungulia bure. Ukitaka kupandisha sema "reizi" kwanza kabla mkono haujagusa chipu, kisha taja jumla. Na jihadhari na jambo moja ambalo wageni wote linawakuta, ukitupa chipu moja kubwa mbele bila kusema chochote wakati mtu ameshabeti inahesabika umekoli tu, unarudishiwa chenji.

Sasa ile Esi na 9. Hukuniambia meza nzima ilikuwaje, tuseme ilikuwa Esi, Jeki, 7, 4, 2 na mwenzako ana Esi na Kingi. Wote mna pea ya Esi, hiyo ni sare, lakini mkono ni karata tano siyo mbili, kwa hiyo zinaangaliwa tatu zilizobaki kuanzia kubwa. Yeye ana Kingi, Jeki, 7. Wewe una Jeki, 9, 7. Kingi ameipita Jeki, kala. Hiyo karata ya pembeni inayoamua wanaita kika, na kika ndogo ndiyo inayowamaliza wanaoanza kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mtu akiona Esi mkononi anaona amefika, kumbe Esi yenye mwenzake dhaifu inakupa mkono wa kutosha kukufanya ulipe na usiotosha kukufanya ushinde. Angalia sasa, kama meza ingekuwa Esi, Kingi, Kwini, kumi, 3, na wewe una Esi na 9, mwenzako Esi na 8, mngegawana, maana tano bora za kila mmoja ni Esi mbili, Kingi, Kwini, kumi, hizo 9 na 8 hazijaingia kabisa.

Zile dola 50 zilikuwa haki yako, siyo huruma. Jamaa chipu zake zilikuwa chache, tuseme 15, akaziweka zote, hiyo ndiyo olini. Sheria inasema mtu hawezi kushinda kutoka kwa kila mpinzani zaidi ya alichoweka yeye mwenyewe. Mko watatu, kila mmoja ameweka 15, hiyo ni poti kuu ya 45 na yeye anaigombea. Halafu wewe na yule wa tatu mkaendelea kubetiana 25 kila mmoja, hiyo 50 inakaa poti ya pembeni na yule wa olini haimhusu hata akiwa na royo flashi. Kwenye kuonyesha, yeye kawapiga wote kachukua 45, wewe ukampiga yule wa tatu ukachukua 50. Ukihesabu hivyo, mkono huo uliweka jumla ya 40 ukapata 50, umetoka na faida ya 10 kwenye mkono uliodhani umeshindwa! Ndiyo maana nasema bei ni muhimu kuliko karata.

Na flashi ya shupaza, hapa naomba unisome pole pole kwa sababu hapa ndipo nadhani sehemu kubwa ya zile 140 ilikoenda. Una shupaza mbili mkononi, mezani zimetoka mbili, tani imeshafunuliwa, imebaki riva peke yake. Shupaza ziko 13, nne unaziona, zimebaki 9. Karata ambazo huzioni ni 46, yaani 52 ukitoa zako mbili na nne za meza. Kwa hiyo kati ya hizo 46, 9 zinakuokoa na 37 zinakuua. Poti ina dola 20, mwenzako anabeti 20. Wewe kukoli unalipa 20 ili ushinde 40 zilizopo. Sasa chukulia hali hiyo hiyo inajirudia mara 46 na kila karata inatoka mara moja: mara 37 unapoteza 20, hiyo ni 740. Mara 9 unapata 40, hiyo ni 360. Umeliwa 380, yaani kila ukikoli hapo unatupa kama dola 8 hata siku ile flashi ikitoka na ukashangilia. Badilisha bei sasa, poti ile ile ya 20 lakini yeye amebeti 5 tu. Unalipa 5 kugombea 25. Mara 37 unapoteza 5, ni 185, mara 9 unapata 25, ni 225, umepata 40. Karata ni zile zile, nafasi ni ile ile ya kama moja kati ya tano, kilichobadilika ni bei, na uamuzi sahihi umegeuka kabisa kutoka kufoldi kwenda kukoli.

Mezani huna muda wa kuhesabu yote haya, kuna njia ya mkato wanayoitumia watu wengi: hesabu karata zinazokuokoa, zidisha kwa 2 kama imebaki karata moja kufunuliwa, au kwa 4 kama zimebaki mbili na hutatakiwa kulipa tena katikati, unapata asilimia ya karibu. Karata 9 kwa 2 ni 18, jibu kamili ni 19 na kitu, inatosha.

Ile ya kusema imenikosa mara tatu ya nne lazima itoke, hapana kaka. Karata zikishachangwa hazikumbuki chochote. Hazikujui, hazikudai, huzidai. Nafasi yako mara ya nne ilikuwa ile ile 9 kati ya 46, na ingekuwa hivyo hata kama ingeshakukosa mara ishirini. Nimewaona watu wazima wenye akili na biashara zao wakipoteza hela za duka kwa wazo hilo moja, wala siyo ujinga, ndivyo kichwa cha binadamu kilivyo, lakini ukishalijua usiliruhusu tena likae na wewe mezani.

Jambo lingine hukulitaja ila nalihisi, nadhani ulicheza karibu kila mkono. Karata mbili za mwanzo zinaweza kukaa kwa namna 1,326, na pea inakujia kama mara moja kati ya 17, Esi mbili mara moja kati ya 221. Zilizobaki nyingi ni za kuachia. Anayejua anafoldi mikono mingi kuliko anayoicheza na haoni aibu, wageni ndiyo wanaona kama wamekuja kukaa bure.

Haya, tuje kwenye zile dola 2, maana hizi zimenisumbua kuliko yote uliyoyaandika. Meza ya nyumbani inaweza kucheza kama mikono 25 kwa saa. Mbili mara 25 ni dola 50 kila saa zinatoka mezani na hazirudi. Kama mko sita na kila mmoja ameingia na 60, mezani kuna 360. Mkicheza saa saba, 350 zimeshahamia kwa mwenye nyumba! Hata mkiwa wote mabingwa, hata bahati ikiwagawia sawasawa, mtaondoka wote mmeliwa. Chakula gani hicho? Kwenye meza ya blaindi ndogo ndogo hivyo hakuna ujuzi unaoweza kushinda makato ya namna hiyo. Sema nao kwa upole, mchange dola 5 kila mtu za chakula mwanzoni basi, poti ziachwe zilivyo.

Na siyo hesabu tu. Sheria ya jinai ya Texas, kifungu 47.02, inahesabu kubeti kwenye karata kuwa kosa, ila inakupa utetezi kama mchezo uko sehemu ya faragha, hakuna anayepata faida ya kiuchumi zaidi ya alichoshinda kwa kucheza, na nafasi ni sawa kwa wote ukiacha ujuzi na bahati. Mwenye nyumba akishakata kila poti, hilo sharti la pili linayumba. Tena wewe ni mgeni kule, sheria ya uhamiaji ya Marekani inataja kuhukumiwa makosa mawili au zaidi ya kamari kuwa kitu cha kukunyima sifa ya mwenendo mwema unapoomba uraia. Hapa usinisikilize mimi wala jamaa wa kazini, tafuta wakili wa uhamiaji umuulize ana kwa ana, hasa kama karatasi zako bado zinashughulikiwa.

La dola 86 ni kweli. Chris Moneymaker, alikuwa mhasibu kule Tennessee, mwaka 2003 alishinda nafasi kupitia mashindano madogo ya intaneti kwa kiingilio hicho, akaenda Las Vegas kwenye mashindano makuu ya dunia ambayo kiingilio chake ni dola 10,000, akachukua milioni 2.5. Ila walikuwa watu 839 wamekaa kwenye hayo mashindano, na wanaokusimulia hawakutajii wale wengine. Halafu mashindano ni kitu tofauti na meza yenu, kule ukilipa kiingilio ndiyo umemaliza, chipu siyo hela, huwezi kuliwa zaidi ya hapo. Kwenu unaweza kuongeza na kukopa mpaka asubuhi, na ndivyo ilivyokutokea.

Kuhusu mkeo, kama nyie ni Waislamu hili la kuchezea hela limeshakatazwa na sina cha kukushauri zaidi ya kumwona shehe wenu. Kama siyo, bado mwambie kiasi kamili, 140 siyo "kidogo", na zile 40 za kukopa zilipe kabla ya kugusa karata nyingine. Hilo la kurudi Ijumaa kurudisha hela, naomba usiende. Anayekuja kurudisha anakoli kila kitu, na bei mbaya ndiyo anayoilipa kwa haraka zaidi. Wiki tatu au nne cheza nyumbani na maharage, mpe kila mtu punje 60, mkeo akikubali mfundishe naye, kila kabla ya kukoli utamke kwa sauti unalipa ngapi kugombea ngapi. Baada ya hapo ukitaka kwenda, nenda kwanza ukae nyuma ya mtu anayejua bila kucheza, mwombe akueleze mkono ukishaisha. Siku utakayocheza beba kiasi ambacho hata kikipotea chote kodi na hela ya kutuma nyumbani haviguswi, kadi ya benki iache nyumbani.

Na ukiona umekopa tena, au unamficha mkeo, au kazini siku nzima unaiwaza Ijumaa, hapo sheria za poka hazitakusaidia tena. Kuna Gamblers Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha kamari, walianza Los Angeles mwaka 1957 na wana mikutano miji mingi ya Marekani, huingii kwa kulipa, unakaa na watu waliopita hapo hapo ulipo. Nenda ukiwa bado unadaiwa 40.